Matofali Tisa ya Bendera

Heshima ya kupandisha bendera pale shuleni ilinigharimu matofali ishirini na matatu. Nimehesabu upya: kumi na manne. Hayo tisa yaliyobaki ndiyo yananifanya niandike.

Enzi zetu, sisi tuliosoma vijiji vya juu ya Mbalizi, Juni ilikuwa na meno. Tulikimbia mchakamchaka pekupeku kwenye ukungu, mfukoni kiazi cha kuchemsha kilichofanya kazi mbili: kupasha mkono moto, kisha kuliwa saa nne. Sweta langu lilikuwa la kaka kwanza, la dada pili. Mimi nilirithi vifundo. Tukirudi nyumbani ni mchezo wa rede, mpira wa makaratasi, na togwa ya mama ndani ya kibuyu.

Nilipokuwa darasa la nne tulijenga darasa. Juzi nilimsimulia mjukuu wangu, akainua macho kutoka kwenye simu: "Babu, sasa posho mlikuwa mnapewa shilingi ngapi?" Nikamwambia tulilipwa darasa. Akanionea huruma.

Wazazi walichoma matofali kwenye tanuru kando ya mto, sisi tukayapandisha kilimani moja moja, kichwani, juu ya ngata ya nyasi. Mwalimu aliketi kwenye kona ya shule na daftari. Ukipita anaweka alama, unaenda kupanga tofali lako kwenye lundo la nyuma ya shule. Baba alituonya mapema: "Darasa ni lenu. Mkinyeshewa, msije kunililia mimi." Atakayebeba mengi kuliko wote wiki ile angepandisha bendera hadi mwisho wa mwaka.

Niliitamani kamba ile ya bendera kuliko nyama ya Krismasi. Mshindani wangu alikuwa Tusekile, binti wa jirani, shingo nyembamba kama mpini wa jembe, hajui kupumzika. Ijumaa alikuwa amefikisha ishirini na moja. Mimi kumi na manne, na mguu umevimba. Nikatazama lundo la nyuma, nikatazama mikaratusi iliyonikinga mwalimu asinione. Nikaokota tofali nililotoka kulipanga, nikazunguka kwenye miti, nikapita mbele yake nikihema. Akaweka alama. Nikarudia, mara tisa. Hata kuhema nilihema kwa bidii.

"Huyu ndiye mzalendo!" mwalimu akatangaza mstarini. Tusekile alinipigia makofi kuliko wote. "Una mabega, kaka," akaniambia.

Wiki iliyofuata fundi alishuka ngazi akijikuna kichwa. "Mwalimu, daftari limejaa, ukuta haujajaa." Tanuruni hakukuwa na kitu, yaliyosalia wazee walishagawana wakatengenezee majiko, maana daftari lilisema yametosha. Tundu lililobaki ukutani likazibwa kwa gunia. Aliyepangiwa kukaa chini yake ni Tusekile. Mvua zilimkuta amejikunyata na kitenge cha mama yake shingoni, madaftari yamelowa. Mimi kila asubuhi navuta kamba na kuimba wimbo wa taifa kwa sauti kuliko wenzangu.

Miaka yote hii nimewasema vijana. Eti hawana uzalendo, bendera wanaijua kwa kupiga nayo picha, tena mpaka mwanga uwe mzuri. Ila picha zao, kwa hesabu yangu, hazijamnyeshea mtu.

Wiki iliyopita Tusekile alikuja na barua. Yumo kwenye kamati ya shule. Darasa letu limebomolewa, jipya linafunguliwa Ijumaa. "Kaka, tumelikuta daftari la mwalimu! Ishirini na matatu, bwana! Bendera unapandisha wewe, uwaambie hawa watoto tulivyojituma." Nikasema ndaga, asante ya kwetu, nikaangalia viatu vyangu. Siku hizi akicheka anakohoa. Sijui kama ni lile gunia. Sijathubutu kuuliza.

Zamani tulikuwa na ukuta wenye tundu, na kila mtoto alijua ni wake. Leo ukuta umekamilika, kajenga mkandarasi, watoto wanaupita kama wa jirani. Na wa kuwaeleza tofauti hiyo nimeonekana ni mimi.

Ninyi mliobeba matofali miaka ile, nishaurini kabla ya Ijumaa. Matofali tisa naweza kuyapeleka hata kesho, lakini ukuta hauna tena pa kuyaweka. Kamba nitamkabidhi Tusekile. Hilo nimelipiga hesabu mara mbili, jibu ni lilelile. Nisilolijua ni moja: sababu yake niwaambie watoto pale mstarini, au nimfuate yeye kwanza nyumbani kwake, nikamwambie tukiwa wawili?