Siku Jumuiya Ilipokataa Kuitikia

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi kule Kinyerezi, mwanangu, jumuiya yetu ya kanisa imekutana nyumbani kwetu kusali, na mama yangu simu inamning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Wakati huo mie nilikuwa kijana, mchana kibarua wa ujenzi, jioni nasoma shule ya watu wazima, na nilishajua mambo mengi kiasi kwamba nilikuwa nawasahihisha watangazaji wa redio, wao wakiwa studio na mie nikiwa jikoni.

Simu ile ilikuwa ya kumsubiri kaka yangu Joakimu. Alikuwa askari, amepelekwa nchi jirani, ng'ambo ya ziwa, na kikosi cha kulinda amani. Alikuwa anapiga kila Jumapili. Zikaanza kupita Jumapili bila simu. Redio ikasema askari wetu wameshambuliwa na waasi, majina hayajatolewa. Mama akawa halali, hali. Umeme unazalishwa palepale Kinyerezi, mitambo tunaisikia ikiunguruma, na bado kwetu unakatika. Kila ukirudi, mama anakimbilia kuchaji simu ambayo tayari imejaa, mpaka nikahisi siku moja itapaa. Nacheka sasa. Siku zile, simu ya jirani ikilia tu, naacha sahani nakimbilia dirishani kusikiliza.

Tukafika kwenye maombi. Utaratibu unaujua: mmoja anataja nia yake, wote tunaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Mwenyekiti akamwombea Joakimu, tukaitikia hadi mabati yakataka kung'oka. Akafuata Mama Furaha. Huyu alikuwa msusi wa mtaani kwetu, amekimbia nchi ileile yenye vita, na kichwa cha mama yangu kilikuwa mikononi mwake tangu alipohamia.

"Naomba kwa ajili ya mudogo yangu Paskali," akasema. "Waasi walimubeba ku nguvu, wakamupatia bunduki. Sijue kama iko muzima. Na kama amepiga mutu, Bwana amuhurumie na ule mutu."

Hakuna aliyeitikia. Mwenyekiti akakohoa.

"Mama Furaha, hao ndio wanaowapiga watoto wetu. Taja nia nyingine."

"Sina ingine, baba."

Nikamwona mama anafungua mdomo. Nikamshika kiwiko. Hofu yangu ilikuwa hii: tukimwombea Paskali apone, si ndiyo tunaiombea na risasi yake impate Joakimu? Nikamnong'oneza, "Mama, usiitikie. Utamharibia kaka."

Akaniangalia. "Huko shuleni kwenu wamekufundisha kwamba Mungu anapima huruma kwa kibaba? Akimpa mdogo wake, ya Joakimu inapungua?"

Usidhani hakuogopa. Simu aliishika kwa mikono miwili, na sauti ilipotoka ilikuwa inatetemeka: "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Peke yake. Akanitazama tena, nikaitikia. Halafu wengine, mmoja mmoja. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho, chini chini.

Joakimu alipiga. Siyo siku ile. Hiyo ingekuwa tamu mno hata kwa mtu mwenye chumvi kama mie. Alipiga baadaye sana, yuko hospitali, mguu wametia chuma. Mama akapiga kigelegele, kikafika Ukonga nadhani, kisha akakikatiza katikati. Mama Furaha alikuwa amesimama nyuma yake anamsuka, na simu yake yeye ilikuwa pale kwenye kiti, kimya. Haijalia mpaka leo. Mama alimtaja Paskali kila Jumamosi hadi alipofariki, na sasa namtaja mie. Joakimu akija na mguu wake ule, ndiye anayeitikia kwa sauti kuliko wote.

Nakwambia haya kwa sababu juzi nilikuona na wenzako mmeinamia simu, mnatazama nyumba za watu zikilipuliwa huko kwenye vita vya sasa, na mnashangilia kama mko uwanjani. Niliogopa, mwanangu, kuliko nilivyoogopa asubuhi ile. Sikukatazi kujua nani mchokozi. Mwenye kosa aambiwe kosa lake, na Bwana wetu hajawahi kuuita ubaya wema. Ila alituagiza kuwaombea hata wanaotuudhi, na hakutuwekea mpaka wa nchi. Chini ya kila kifusi, huku na kule, yupo mtu ambaye dada yake anamtaja asubuhi mahali fulani, na waliomzunguka wanatazamana. Ukiwa miongoni mwao, usianze kwa kuuliza ni wa upande gani. Itikia. Sauti ikitetemeka, itikia hivyohivyo, na ukijikuta peke yako usinyamaze, maana wapo wanaosubiri mtu mmoja aanze.

Mungu akulinde, mwanangu, wewe na hata wale unaowaogopa. Simu unayoisubiri ilie. Na ya jirani yako pia.