Vipele vya Nyakuoth

Mwaka 1996, vipele vilipoanza kumtoka Nyakuoth kidevuni na mashavuni, kibanda chake cha chai katika soko la Kakuma kilipoa. Mteja alikuwa akipokea kikombe, akikizungusha mkononi, kisha akikiacha kimejaa.

"Ni ukoma," watu walinong'onezana.

Angeweza kujifungia ndani, ila alikuwa na mtoto wake, Gatdet, wa kulisha. Akajitanda shuka, akaomba nafasi kwenye gari la kliniki lililokuwa likienda Lodwar.

Huko hospitalini alimkuta Mugure wa maabara, mwanamke wa vicheko. Mugure alimwambia afumbe macho, akamgusa kipele kimoja kimoja kwa pamba.

"Unasikia?"

"Nasikia. Hapa. Na hapo pia."

"Mwenye ukoma mara nyingi hasikii mahali palipougua. Mama Gatdet, uliwahi kuvimba wengu?"

Nyakuoth akafumbua macho. Kalaazar, homa inayovimbisha wengu, ilimkamata kwao Sudan, ikamuulia dada yake. Yeye akaokolewa na sindano. Alidhani waliachana na ugonjwa ule kulekule.

"Huenda umejificha kwenye ngozi," Mugure akasema.

Alimkwangua ngozi, akaipaka kwenye kioo, akatia rangi, akachungulia. Hakuona kitu. Nyakuoth akaanza kukusanya shuka lake.

"Usinichoke, mama. Nipe ngozi nyingine."

Safari hii alikwangua pembezoni mwa kipele kikubwa. Jioni akamwita kwa sauti iliyosikika hadi nje. "Njoo uwaone!"

Nyakuoth akainamia hadubini. Vidoa vya zambarau, kila kimoja na nukta mbili ndani.

"Hivi vidudu?" Akaangua kicheko. "Hivi ndivyo vilivyonifukuzia watu?"

Sindano zilimuuma na kumtapisha, na kuna asubuhi alitaka kutoroka. Lakini vipele vilisinyaa. Aliporudi Kakuma, alikuwa amebaki na makovu mawili tu, na hakuyafunika. Kila aliyeuliza alielezwa, na asiyeuliza pia.

Siku moja akaja mwanamke aitwaye Alek, uso umefunikwa hadi puani. Hakuagiza chai.

"Nimesikia wewe ulipona," akasema kwa sauti ya chini.

Nyakuoth akamvutia kiti karibu, akamfunua uso, akampangusa machozi kwa kiganja, shavuni penye vipele. Kisha akazima jiko.

"Twende kliniki, dada. Mimi nitakaa nawe."