Jumapili ya Halina

Jirani yangu Halina Pruchnik ana miaka hamsini na saba, ni mpishi wa shule ya msingi, na ndiye aliyenifundisha kumwogesha mwanangu Rozalia bila mikono kutetemeka. Namwandika hapa kwa sababu ya jambo alilofanya Januari hii, ambalo katika mji wetu wa ziwani hakuna aliyewahi kuthubutu kulifanya. Alikataa kuisogeza harusi yake kwa ajili ya Timu.

Tukisema Timu hatuna haja ya kutaja jina. Marekani ina timu nyingi, sisi tuna hii moja, ya wale vijana wa kofia ngumu na mabega ya kubandika, wanaorusha mpira kwa mkono na kuangushana kwa ajili ya yadi moja kama wanagombea urithi. Kuanzia Septemba mpaka mwanzo wa Januari Jumapili si ya Mungu peke yake. Misa hufupishwa, na kwenye egesho la uwanja moshi wa soseji hupanda asubuhi na mapema. Mtu akitaka kuoa husubiri ratiba itoke mwezi wa Mei, ndipo atafute tarehe.

Halina alizaliwa humo humo. Mumewe wa kwanza, Kazimir, alikuwa mtu mwema, hilo kila mtu atakwambia. Siku moja tulikuwa tunamenya viazi vya pierogi, zile sambusa za kuchemsha za Kipolandi, Halina akanisimulia.

"Mwanangu, harusi yangu ya kwanza msimamizi alikuwa na redio mfukoni. Nikasema nakubali, kanisa zima likapiga makofi. Nikadhani wananipigia mimi. Kumbe Timu imefunga."

"Na Kazimir?"

"Kazimir ndiye aliyepiga makofi mengi kuliko wote."

Mwanawe Tomek alizaliwa baba yake akiwa uwanjani. Kazimir alipofariki, mazishi yalipangwa Jumatatu, na Jumatatu ile Timu ilikuwa inacheza nyumbani, basi wakayapeleka Jumanne. "Wakaniambia hata mwenyewe angetaka hivyo," alisema Halina. "Na ni kweli, angetaka. Hapo ndipo paliponiuma."

Kwa hiyo Orville Stang alipomposa, Halina alimpa sharti moja tu: Jumapili moja isiyo ya Timu, iwe yake. Orville ni mtunza nyasi wa uwanja. Ndiye anayechora ile mistari myeupe, na anatembea akiangalia chini kama mtu aliyeangusha sindano. Misimu mitatu mizima alikula pierogi za Halina pale egeshoni bila kusema neno zaidi ya "Asante, mama."

Wakachagua Jumapili ya pili ya Januari, saa nane mchana. Ligi inaisha Jumapili ya kwanza. Baada ya hapo hubaki timu nzuri tu, zinaingia kwenye mtoano, na yetu haikuwa imeugusa mtoano kwa miaka kumi na sita. Padri Benedykt aliandika tarehe kitabuni huku anacheka. "Hapo uko salama, dada. Hapo hata shetani hana ratiba."

Septemba tukafungwa michezo miwili ya kwanza, na Halina akalala usingizi mzuri. Kisha wakamwingiza mrushaji mpya, kijana mwenye shingo nyembamba tuliyembandika jina la Kijiti. Kijiti akaanza kurusha. Oktoba tulishinda minne mfululizo. Watu wakaacha kufua fulana zao, maana kwetu inajulikana kwamba maji huosha bahati, na ndani ya basi tukawa tunakaa madirisha wazi kwenye baridi. Novemba wapishi wenzake shuleni walianza kumtazama kwa pembe ya jicho.

"Halina, kadi yako nimeibandika kwenye friji."

"Vizuri."

"Ila tukishinda tena Jumapili hii..."

"Mwombeeni Kijiti apate mafua."

Jumapili ikifika, yeye huyo huyo alikuwa jukwaani akimshangilia Kijiti mpaka sauti inakauka. Hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake. Angekuwa haipendi Timu, mambo yangekuwa mepesi.

Mchezo wa mwisho wa ligi mume wangu alibaki na mtoto, nikaenda na Halina. Zilibaki sekunde arobaini, tunahitaji yadi moja. Tukiipata, tunaingia mtoano, na tutacheza nyumbani. Halina alijifunika uso kwa viganja vyote viwili, na katikati ya vidole nikamsikia anapiga kelele, "Sukumeni! Sukumeni, wanangu!" Wakasukuma. Watu wasiojuana wakakumbatiana. Halina naye alinikumbatia, analia, nami sikujua kilio kile ni cha upande gani.

Jioni ile ratiba ikatangazwa. Jumapili, saa saba mchana, uwanja wetu.

Kesho yake nilikuwa jikoni kwake nashona vifungo vya gauni. Orville akaingia, akavua kofia, akaanza kuizungusha mkononi.

"Halina, tusogeze wiki moja tu."

"Na wiki hiyo wakiwa wamesonga mbele?"

"Watacheza ugenini."

"Na wewe utacheza mbele ya televisheni."

Orville akaacha kuizungusha kofia. Kisha akasema polepole, "Miaka kumi na sita nasubiri kuchora mistari ya mtoano."

"Mimi miaka hamsini na saba nasubiri Jumapili moja. Sikukatazi kazi yako. Saa nane nitakuwa kanisani. Atakayekuja, kaja."

Orville alinitazama kana kwamba jibu ninalo mimi. Nikainamia kifungo. Akavaa kofia yake, akasema, "Haya, mama," akatoka.

Wiki ile simu haikupoa. Watu mia moja na hamsini walikuwa wamealikwa, na kila mmoja alikuwa na kisingizio kilichopigwa pasi. Mwishoni akapiga Tomek.

"Mama, unajua nina tiketi ya baba."

"Najua. Nenda, mwanangu. Utakuja kula baadaye."

Halina akakata simu taratibu, akachukua sufuria iliyokwisha oshwa, akaiosha tena.

Jumapili theluji ilidondoka kidogo kidogo. Kanisani tulikuwa kumi na wanne, tukimhesabu Rozalia, na nusu yetu ni wale ambao magoti yao hayapandi tena ngazi za uwanja. Kelele za uwanjani zilitufikia, maana ni mwendo wa dakika kumi tu kwa miguu. Nilikuwa na Halina kwenye chumba kidogo cha pembeni. Gauni lake la rangi ya mvi lilimkaa vizuri sana. Saa nane kasoro robo Orville hayupo. Kasoro dakika kumi, hayupo.

"Atakuja?" akaniuliza.

"Sijui, mama."

"Na mimi sijui." Akaweka sawa ua la kifuani. "Ila mimi nimekuja."

Nikageukia ukutani, nikajifanya namfuta Rozalia pua.

Mlango mkubwa ukalia. Orville alikuwa amevaa suti, na chini yake mabuti ya kazini. Alikuwa anahema, na rangi nyeupe imemganda kwenye kucha. Alikimbia njia nzima, alisema, katikati ya barabara, kwa sababu hapakuwa na gari wala mtu.

"Umeuacha mchezo?" Halina akamuuliza.

"Mistari imenyooka. Kukimbia ni kazi yao."

Walipokuwa wanaahidiana, uwanja ulinguruma mpaka vioo vikaitika. Hakuna aliyegeuza shingo. Halina alimshika Orville mikono, akamaliza maneno yake yote bila kuruka hata moja. Padri akawabariki. Ndipo bibi harusi akamsogelea.

"Baba, ngapi?"

Padri Benedykt akajibu akiwa bado amefumba macho, kidude cha redio sikioni. "Kumi kwa saba. Tunaongoza."

Ukumbini Halina mwenyewe aliweka redio kwenye meza ya zawadi. Tukala na kusikiliza, kumi na wanne kati ya viti mia na hamsini. Saa kumi na dakika chache, tukiwa nyuma kwa pointi moja, Timu ikapiga teke la mwisho, ambalo likipita kati ya nguzo tunashinda. Mpira ukagonga nguzo, ukarudi uwanjani. Ikawa imekwisha, mchezo na msimu. Orville akaweka uma chini.

"Lakini nyasi zilikuwa nzuri," alisema bibi Wanda, mkubwa wetu.

Tukakaa na chakula kile chote. Baada ya nusu saa hivi mlango ukafunguliwa, wakaanza kuingia, walivyotoka uwanjani, wananuka moshi na fulana za miezi mitatu. Mbele yao Stash Mroz, jitu la futi sita, rangi nyekundu aliyojipaka usoni imechirizika na machozi. Akasimama mbele ya Halina kama mtoto aliyevunja chungu.

"Shangazi, tumeona tusiende nyumbani. Nyumbani hakukaliki."

"Kung'uta theluji hiyo. Sahani ziko kule."

Wakajaa mpaka viti vikaisha. Tomek alikuja, akamkumbatia mama yake muda mrefu, na sikusikia walichoambiana. Halina akafunga aproni juu ya gauni, akagawa mwenyewe, na kila aliyefungua mdomo kuhusu lile teke alipigwa mwiko begani.

"Hapa hakuna teke. Hapa pana harusi. Kula."

Mtu akatoa kodiani. Dansi ya kwanza walicheza kama wanatumikia adhabu. Ya pili Stash alimkanyaga bibi Wanda, bibi akamtukana vizuri, na ukumbi ukacheka. Ikabainika kwamba Jumapili ijayo hakuna mwenye pa kuwahi, wala ile inayofuata. Orville alicheza anavyotembea, macho sakafuni, mpaka Halina akamwinua kidevu kwa kidole.

Rozalia alilala juu ya rundo la makoti. Padri alipozima taa za upande mmoja ili watu waelewe ni saa ya kuondoka, hakuna aliyesogea. Halina akamwambia aziwashe tena, na Padri akaziwasha.