Dirisha Lililokuwa Likipinda Kila Jumapili

Ndugu yangu aliyeko Ulaya alipotuma ramani ya nyumba yake, mama aliigeuza juu chini, akaitazama kwa muda, kisha akataka kujua ng'ombe atapita wapi. Ramani ilikuwa na sebule kubwa, vyumba vya wageni na dirisha pana la kioo linalotazama mlima. Ng'ombe hakuwamo. Swali hilo lilifikishwa Ulaya kwa simu, na ndugu yangu akacheka sana.

Ilikuwa miaka ile ambayo bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na karibu kila ukoo huku Kilema ulikuwa na mtoto wake nje. Ndugu yangu ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na kihamba, yaani shamba la nyumbani kwa wazazi, migomba yake, mibuni yake, na mama aliyemo ndani yake. Huyu wetu alibaki nacho akiwa mbali. Mimi, dada yake, nilikuwa nikifundisha shule mjini na kukaa Rau, nikapewa kazi ya kupanda mlima kila Jumamosi kusimamia nyumba ambayo si yangu. Sitadanganya kwamba nilifurahi.

Ndugu yangu aliuliza kibali cha kujenga kinachukuliwa ofisi gani. Kule kwake, alisema, huwezi hata kubadilisha rangi ya mlango bila barua ya halmashauri. Mama alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mwambie halmashauri ndiyo mimi."

Na alikuwa halmashauri kali. Msingi haukuchimbwa mpaka baba mdogo, ambaye ni jirani yetu, alipoitwa kwa debe la mbege aje aone mwenyewe kwamba masale tuliyopanda mpakani hayajasogezwa. Alikunywa, akayakagua, akaomba kuyakagua tena. Mfereji wa maji hauzibwi, kwa hiyo nyumba ikasogezwa juu. Huko juu kuna mibuni, na mibuni, hata ikiwa haina bei, kuing'oa ilikuwa kesi, kwa hiyo nyumba ikasogezwa pembeni. Pembeni ndiko ng'ombe alikokuwa akipita. Kabla haijawa na tofali hata moja, nyumba ile ilikuwa imetembea shamba zima.

Gharama nazo zilimtoa jasho ndugu yangu. Alikuwa amepiga hesabu kwa bei za mjini, wala hakukumbuka kwamba lori linakataa tope la masika na kumwaga mchanga barabarani. Kutoka pale mchanga unapanda kwa vichwa vya watu, na vichwa hivyo vinadai chao. Kila nilipomweleza alishtuka upya, kana kwamba hakuzaliwa huku.

Simu yenyewe ilikuwa dukani, karibu na kanisa. Zamani alipiga Krismasi tu, na Pasaka akikumbuka. Nyumba ilipoanza, akawa anapiga kila Jumapili baada ya misa, kwa sababu kila Jumapili palikuwa na tatizo. Mara fundi amekosea dirisha. Mara dirisha limenyooshwa, sasa ukuta ndio umepinda. Mimi nilikuwa nikipata habari hizo kutoka Ulaya, kwa ukali, na ajabu ni kwamba Jumamosi nilikuwa nimeuacha ukuta umenyooka. Nikaona fundi huyu ananichezea. Nikaamua kumfukuza.

Wiki hiyo nililala kijijini, na baada ya misa nikaenda dukani na hasira zangu. Mama alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, akipaza sauti ili ifike Ulaya.

"Dirisha limepinda tena, baba! Huyu fundi atatuua!"

Kwenye benchi pembeni yake alikuwa ameketi fundi mwenyewe, anakunywa soda aliyonunuliwa na mama, akitikisa kichwa kwa masikitiko juu ya makosa yake.

Tulipokuwa tunapanda kurudi nyumbani nilimuuliza mama kwa nini anamsingizia mtu wa watu.

"Kabla ya nyumba alikuwa anapiga?" aliniuliza.

Nikakumbuka zile simu za Krismasi.

"Na ikiisha, atapiga ya nini?"

Hasira zote ziliniishia pale. Nilimhurumia mama yangu. Nilikuwa na wivu kidogo pia, maana mimi niliyepanda mlima kila Jumamosi sikuwahi kununuliwa soda.

Desemba ndugu yangu akachoka kusikia, akaja mwenyewe, na pima maji mpya ndani ya sanduku. Alipima dirisha moja baada ya jingine, na kila mahali kile kipovu kilitulia katikati. Mama alimfuata nyuma na bakuli la mtori, akimsihi ale kwanza, unapoa. Ndugu yangu alinitazama. Mimi nikatazama mlima. Nadhani alielewa kabla hajamaliza bakuli. Alikaa mpaka mwaka mpya, akahakikisha milango imefungwa na sakafu imekauka, akarudi kwake.

Jumapili iliyofuata mama alitoka kanisani akashika njia ya nyumbani moja kwa moja.

"Nyumba imekwisha," alisema. "Twende tukalishe ng'ombe."

Nilimshika mkono nikamvuta mpaka dukani. Tulikaa kwenye benchi kama wagonjwa wanaosubiri daktari, mama akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake. Simu ikalia, mama akainuka kuipokea.

"Mama," sauti ya ndugu yangu ilinifikia hata mimi, "wiki hii fundi amekosea nini?"

Mama aligeuka kutazama benchi, fundi hakuwapo.

"Hajakosea kitu, baba," alisema kwa sauti ndogo. "Sasa nitakwambia nini?"

"Niambie ng'ombe anapita wapi siku hizi."

Mama alivuta kiti, akakaa, akaanza kumweleza.