Hotipoti Ndani ya Deli

Mdogo wangu aliolewa Tabora, na mimba yake ya kwanza ilimjia kwa ukali. Wali anatapika, nyama anatapika, hata chai. Mumewe alinipigia simu: mkewe amekonda, na hamu yake ni moja tu, mgebuka, yule samaki wa ziwani kwetu, wa soko la Kibirizi. Nikacheka kwa furaha. Kuuza samaki wa friza ndiyo kazi yangu hapa Kasingirima.

Nilichagua migebuka wanono, nikawagandisha mpaka wakawa kama kuni. Nikawapanga kwenye deli, lile sanduku la kutunza baridi, pamoja na chupa za maji yaliyoganda, chini, katikati na juu, kisha nikazungushia utepe mfuniko. Deli likishafungwa halifunguliwi mpaka linakokwenda. Samaki akiyeyuka njiani, kumgandisha tena ni kujidanganya.

Mama alinisindikiza stendi. Kwetu msafiri haagwi mikono mitupu. Nilipogeuka kuongea na konda, mama akabandua utepe na kutumbukiza humo hotipoti la ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, vya moto, ili visichache njiani.

"Mama! Unawapika samaki wangu humo humo?"

"Ala! Kwani barafu lako linaogopa chakula changu?"

Nusu ya abiria wakawa upande wake. "Mama ni mama, dada," akasema mmoja. Nilichomoa hotipoti, chupa za juu zimeshaanza kutoka jasho, nikafunga upya huku nikinung'unika. Kabla ya Uvinza nilikuwa nimekula na majirani zangu wa kiti, na dagaa walikuwa watamu kweli. Wakashiba, wakaanza: tufungulie tuone hao samaki. Nikawauliza kama hawajawahi kuona samaki. Safari nzima miguu yangu ilikuwa juu ya mfuniko.

Tabora nilifungua kwa hofu, nikagonga mgebuka kwa kidole. Jiwe! Nilishangilia peke yangu jikoni.

Nikampika kwa nyanya na ndimu. Mdogo wangu akamega kipande, shemeji amesimama pembeni na beseni. Akatafuna. Akameza. Tukasubiri. Akamega tena, akafika mkiani, akafyonza kichwa hadi kikabaki mifupa, kisha akanitazama, midomo ikimeta mchuzi.

"Dada, wapo wengine?"

Shemeji akaweka beseni chini, akakaa sakafuni akilia kama mtoto. Mimi nikawahi kuinjika sufuria ya pili.