Keremkerem wa Mchanga Mweupe wa Manono

Miaka ile ya Zaïre nilikuwa mwalimu hapa Kalemie, na nilikuwa nimeshawafundisha wanafunzi wangu kwamba nchi yetu haina jangwa. Baba mkwe wangu, Papa Ilunga, aliyetengeneza mashine za mgodi wa Manono mpaka akastaafu, alinicheka mbele ya mke wangu.

"Mwalimu, enda uone muchanga ya Manono. Hata majani haioti pale. Lakini ndege, eee, mingi sana!"

Mimi nina daftari ninamoandika kila ndege ninayemwona, na ugonjwa huo hauna dawa. Kiangazi kilipokaribia kwisha, nikaondoka.

Alfajiri ya Jumatatu nilipanda treni. Niemba nikashuka na kupata nafasi nyuma ya baiskeli ya mchuuzi wa samaki wakavu. Kwenye tambarare alinibeba. Penye mlima mimi ndiye niliyesukuma, naye akitembea mbele na kunisifu.

Siku ya nne, Kiambi, tulivuka mto Luvua kwa mtumbwi. Ya sita tukaingia Manono.

Papa hakudanganya. Mgodi ulikuwa umemwaga mchanga wake nje kwa miaka mingi, hata ukawa vilima vyeupe vinavyoumiza macho. Mwenyeji wangu, Mama Feza, mjane na binamu wa Papa Ilunga, alichimba madini ya bati humo kwa koleo na beseni. Asubuhi alinipeleka kwenye ukuta wa mchanga uliojaa matundu. Keremkerem wekundu walikuwa wakiingia na kutoka na nyuki midomoni. Nilisahau hata kufungua daftari.

"Ndege njo inatuonyesha bati," Mama Feza alisema, akimaanisha ndege ndio wanaowaonyesha. Aliokota mchanga ambao ndege wameutupa nje ya tundu, akanionyesha chembe nyeusi za bati. "Lakini kama batoto bangali ndani, hatuchimbe. Tukiwaua, mwaka kesho ndege hairudi, na sisi tutachimba fasi gani?"

Akaenda kisimani. Mimi nikatafuta pa kutazamia vizuri. Mbele ya ukuta kilisimama kijiti, kikinizibia matundu ya katikati. Nikaking'oa, nikakichomeka penye kivuli cha kichuguu na kukitundikia mfuko wangu, nikakaa.

Haikupita saa moja, ndugu wawili wakafika na makoleo na kuanza kuchimba. Nilipiga kelele, nikawakimbilia. Matundu manne yalikuwa yameshabomoka. Makinda mawili yalikuwa mchangani, manyoya bado mafupi, na hayakusogea tena.

"Lakini kijiti hakuna!" mmoja alisema kwa mshangao. "Mwenyewe akikitosha mu muchanga, ni kusema batoto bameruka, na yeye ameacha fasi."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilisimama mbele ya ukuta na kutandaza mikono, kwa kuwa sikujua lingine la kufanya. Mama Feza alirudi, akayatazama makinda, akanitazama mimi, kisha kijiti chake kilichobeba mfuko wangu. Nilimwomba msamaha nikilia, mtu mzima mimi.

Aliyafukia makinda kwa mkono. Ndugu wale wakamwambia pole, wakajiondokea. Nikainama nichukue kijiti nikirudishe.

"Acha," akasema. "Sasa weye njo kijiti. Simama."

Nikasimama siku nane, tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Mchana aliniletea ugali na maji, na siku ya tatu akaniletea kofia ya marehemu mumewe. Wachimbaji walipita wakiniamkia: "Jambo, Kijiti!" Nami niliitika. Sijawahi kuona ndege vizuri namna ile maishani mwangu.

Siku ya nane kinda la mwisho lilitoka, likayumba, likashika hewa. Mama Feza alipiga vigelegele. Kisha akanishika mkono, akaniondoa polepole pale niliposimama, akachukua koleo lake.

Nyumbani, Papa Ilunga alicheka mpaka akakohoa. Wanafunzi niliwasahihishia somo la jangwa.

Nawe ukitaka kuona keremkerem, nenda Manono kiangazi kikiisha, na usiguse kijiti cha mtu. Usipojua pa kusimama, muulize Mama Feza. Atakuonyesha mahali pangu.