Timu ya Mwisho Ichague Kwanza

Nilicheza beki wa kati katika timu ya wanawake ya Basotu kwa misimu kadhaa, na kwa muda mwingi kocha wetu alikuwa mmoja: mwalimu mstaafu aliyenifundisha nikiwa darasa la nne. Mrefu, mwembamba, koti la suti juu ya suruali ya mazoezi, kofia ya sufu kwa sababu ya upepo wa huku. Hakuwa na kelele. Ukikosea alikuita pembeni, akakuuliza kwanza watoto hawajambo, ng'ombe wanakunywa wapi siku hizi, kisha akakwambia kosa lako kwa maneno machache. Ulirudi uwanjani bila aibu, lakini kosa hukulirudia.

Basotu tulikuwa na bahati kuliko wenzetu wa ligi. Samaki wa ziwani wanaleta watu, mashamba ya ngano yanaleta watu, na watumishi wa serikali wanaletwa na kazi. Msichana yeyote aliyehamia huku akijua mpira alikuja kwetu moja kwa moja, na hakuna aliyeuliza. Wenzetu wa Balangdalalu ndio walioumia. Wao ni wakulima watupu, wanafika uwanjani wametoka shambani, siku nyingine hawatimii kumi na moja. Tuliwafunga mpaka watazamaji wakawa wanaondoka mapumziko kwenda kunywa chai. Mimi wakati huo niliona ni sawa tu. Mpira ndivyo ulivyo, anayeweza anashinda.

Halafu tukafungwa fainali ya ligi na Maretadu, timu ya upande wa Mbulu. Bao lilikuwa moja, na aliyelifunga alikuwa wifi yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu. Alinipita mimi mwenyewe. Nyumbani mume wangu hakujua ashangilie au anipe pole.

Kamati ya timu haikuvumilia. Walimwita mwalimu, na mimi nikaitwa kwa kuwa nilikuwa kapteni. Mwenyekiti alizunguka sana, akamshukuru mwalimu kwa kila alichowahi kufanya, mpaka mwalimu mwenyewe akamsaidia.

"Mnataka kubadilisha kocha."

"Ndiyo, mwalimu. Samahani."

"Mmempata nani?"

"Tulikuwa tunamfikiria yule nesi wa zahanati."

Mwalimu alitazama chai yake. Nilidhani ataondoka. Kisha akasema, "Yule mpira anaujua. Nilimwona akiwaelekeza watoto pale shuleni. Mmechagua vizuri." Akanywa chai yake mpaka ikaisha, akaaga kila mtu kwa mkono.

Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani. Sikumjua nesi, ila kwa sindano. Alikuwa amehamishiwa kwetu kutoka Morogoro, dada wa makamo, Mwislamu, mtandio haumtoki kichwani hata akikimbia. Tulisikia kwamba alicheza mpira chuoni. Wachezaji wenzangu walishaanza kusema hawatakwenda mazoezini.

Siku ya kwanza ya nesi, tulimkuta mwalimu amefika kabla yetu. Amesimama na nesi katikati ya uwanja. Tulimwamkia, "Shikamoo mwalimu," akaitikia, kisha akatuonyesha nesi kwa mkono.

"Kuanzia leo mkiniuliza habari za timu nitawaambia, kamuulizeni kocha. Na mtu asije nyumbani kwangu kumsema."

Akakaa naye pembeni sisi tukikimbia mzunguko. Nilipopita karibu nilimsikia akimweleza mchezaji mmoja mmoja: huyu goti lake la kushoto, huyu mumewe hapendi akichelewa, msimamie. Nilipopita tena ilikuwa zamu yangu. "Yule kapteni," alisema, "ukimgombeza mbele ya watu anaganda. Mwite pembeni." Sikujua kwamba alikuwa amenisoma hivyo miaka yote. Mtu aliyeondolewa kazini, na bado anahakikisha sisi hatuumii mikononi mwa mwingine.

Baada ya wiki chache, wanawake wawili wa Balangdalalu walikuja kwa bodaboda mpaka nyumbani kwake, wakamwomba awafundishe. Alikubali siku hiyo hiyo. Basotu watu walinung'unika, wengine wakamwita msaliti. Nilimkuta sokoni akinunua perege, nikamuuliza kama ni kweli.

"Nimeombwa," alisema. "Ninyi mna kocha. Wale hawana."

Nesi naye alitushangaza. Alikuwa mkali wa muda kama alivyo mkali wa dozi. Lakini mazoezi yakiisha alikaa na sisi kwenye nyasi, akatuonyesha mpira kwenye simu yake. Dada yake anaishi Australia, na huko wana mpira wao, si huu wetu. Mpira wenyewe umechongoka kama yai, uwanja wa mviringo, wachezaji wamevaa fulana zisizo na mikono, na wanarukiana migongoni kudaka mpira juu. Tulicheka mpaka machozi. Nesi hakucheka. Alisema kitu anachokipenda kule si kurukiana. Ni namna wanavyogawana vijana wapya: timu iliyoshika mkia ndiyo inayochagua kwanza, bingwa anachagua mwisho.

"Bingwa anakubali?" niliuliza.

"Anakubali. Anajua akiwamaliza wenzake, hatakuwa na wa kucheza naye."

Mwaka huo wifi yangu alihama Maretadu, akaja kukaa kwetu Basotu kujifunza ushonaji kwa fundi mmoja wa hapa. Unaweza kufikiri furaha ya mtaa. Yule aliyetufunga sasa analala nyumbani kwa kapteni! Fundi wa viatu alishaanza kumwita "fowadi wetu". Mimi nilishaona jinsi nitakavyompigia mipira mirefu kutoka nyuma, yeye akaimalizie.

Kabla ya ligi kuanza, makocha na makapteni wa timu zote tulikutana katika darasa moja la shule. Mwenyekiti wa ligi aliandika ubaoni majina ya wachezaji wapya: waliomaliza kidato cha nne, walioolewa huku, watumishi waliohamia. Jina la wifi yangu lilikuwa la kwanza. Mwenyekiti alitaka kufuata mazoea, kila mtu achezee pale anapoishi. Nesi akasimama.

"Mimi napendekeza tusifuate mazoea. Timu iliyokuwa ya mwisho ichague kwanza. Kisha inayofuata juu yake, mpaka tumalize."

Balangdalalu ndio waliokuwa wa mwisho. Sisi tulikuwa wa pili kutoka juu. Kocha wetu mwenyewe alikuwa anamtoa fowadi wetu kwa mdomo wake. Nilimvuta mtandio chini chini, nikamnong'oneza, "Kocha, unajua unachosema?"

"Najua," alisema kwa sauti, wote wakasikia. "Mwaka jana tuliwafunga Balangdalalu na watu wakaondoka mapumziko. Nimeambiwa. Mimi sikuja kufundisha mpira ambao watu wanaukimbia."

Mwalimu alinyoosha mkono kama mwanafunzi. Nilitegemea atashukuru. Badala yake aliuliza, "Na timu ikijifungisha makusudi ili iwe ya mwisho?"

"Hata Australia wanalalamika hilo, mwalimu. Kila mwaka wanabishana. Hawajapata dawa kamili."

"Basi hapa dawa ni kuangaliana," alisema mwalimu. "Nakubali."

Kocha mwingine akatania kwamba huko Australia labda makocha hawafukuzwi. Nesi akajibu kwamba wanafukuzwa sana, tena katikati ya msimu, mbele ya kamera. Mwalimu akacheka. "Mimi angalau nilipewa chai."

Wakapiga kura, pendekezo likapita. Mwenyekiti akampa mwalimu chaki akaweke alama kwenye jina analolitaka. Alitembea mpaka ubaoni, akasimama mbele ya jina la wifi yangu, hakuandika.

"Namtaka huyu. Lakini hayupo humu ndani. Nipeni muda nikamuulize."

Mwenyekiti alisema hakuna haja, kura imeshapita. Mwalimu akasema haja ipo, akatoka. Nesi na mimi tukamfuata.

Nyumbani habari ilikuwa imetutangulia. Wifi yangu alikuwa uani ameketi na kitambaa mapajani, uso umevimba kwa hasira. Alimwamkia mwalimu kwa heshima, akamletea kiti, kisha akanigeukia mimi.

"Wifi, mmekaa huko mnanigawa? Mimi ni mbuzi wa mnadani?"

Mwalimu ndiye aliyejibu.

"Umesema kweli, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja. Mimi nakuomba uchezee Balangdalalu. Ukikataa, nitarudi pale nikachague mwingine, na hakuna atakayekusema."

Wifi alikunja kile kitambaa, akakikunjua. "Mwalimu, timu yako inafungwa."

"Inafungwa sana."

"Na ni mbali. Nikienda huko mazoezini kila siku, kushona nitajifunza lini?"

Hapo mwalimu alikwama. Alikuna kofia yake. Nesi, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa ua, akasema, "Atafanya mazoezi na sisi katikati ya wiki. Jumamosi ataenda kwako."

Tulimtazama wote. Mchezaji wa wapinzani, afanye mazoezi na sisi, aone mbinu zetu zote, kisha aende kutufunga?

"Aone tu," alisema nesi. "Kama mbinu zetu zinaharibika kwa kuonwa, si mbinu."

Wifi yangu alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alisema atakwenda, ila kwa sharti kwamba mwakani mtu yeyote atakayechaguliwa aulizwe kwanza, na akikataa aachwe. Mwalimu na nesi walirudi darasani wakaliweka hilo sharti kuwa kanuni, na mpaka leo lipo.

Basotu ilimkasirikia nesi. Akina mama waliokuwa wakimletea maziwa zahanati walipunguza. Mimi mwenyewe nilinuna siku kadhaa. Yeye alikuja kazini, akapima watoto, akaja uwanjani, akatufundisha. Kila mazoezi aliniweka nimkabe wifi yangu, na kila mazoezi alinipita, mpaka nikaanza kujua bega lake linaelekea wapi kabla hajaondoka.

Tulikwenda Balangdalalu kucheza nao wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Tulipanda lori, tumejifunika mashuka kwa baridi ya asubuhi, Mlima Hanang mbele yetu umefunikwa wingu. Balangdalalu walikuwa wametimia, na wengine wamekaa benchi. Mwalimu alikuwa amewapanga wale wale wakulima tuliowazoea, lakini kila mmoja alijua pa kusimama. Tulipata bao mapema, tukadhani itakuwa kama zamani. Haikuwa. Kipindi cha pili wifi yangu alichukua mpira karibu na katikati, akanijia. Nililitazama bega lake kama nilivyojifunza. Akaligeuza upande ule ninaoujua, nikaenda, naye akapita upande mwingine. Akafunga, tukawa moja moja.

Uwanja ulilipuka. Bibi mmoja mwenye shuka jekundu aliingia mpaka ndani ya uwanja, refa akashindwa kumtoa. Tukashambulia, wakazuia, mpaka filimbi ya mwisho. Sare. Na niligundua, nikiwa nimeinama nashika magoti, kwamba hakuna mtazamaji aliyekuwa ameondoka. Walikuwa wamesimama kuzunguka mistari yote, hakuna aliyeshinda, lakini walikuwa wanashangilia tu.

Nesi aliniita pembeni. "Nimekuona," alisema. "Ulisoma vizuri. Yeye alisoma zaidi." Akanipa maji.

Kamati yetu haikuona hivyo. Walitaka kumwondoa nesi kabla ya msimu kwisha, kwa kosa la kumtoa mchezaji na kupata sare. Walimwita kikaoni kama walivyomwita mwenzake. Safari hii mwalimu alipata habari. Alikuja kwa bodaboda kutoka mazoezini, vumbi mpaka kwenye nyusi, akabisha hodi, akaomba kusema neno moja.

"Mliponiondoa mimi nilinyamaza, kwa sababu mlikuwa na haki ya kutafuta anayejua zaidi. Mmempata. Huyu mama amefanya watu wa Balangdalalu wapende mpira tena, na ninyi mmecheza vizuri kuliko mlivyocheza kwangu. Mkimtoa kwa sababu ya sare na mimi, basi mnanitoa mara ya pili, na safari hii sitakunywa chai yenu."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Nesi alibaki. Maretadu walichukua tena kombe mwaka ule, hata bila wifi yangu, sisi tukawa wa pili, na Balangdalalu hawakushika mkia.

Mimi sasa sichezi, magoti yamekataa, namsaidia nesi kufundisha mabeki. Wifi yangu ameolewa huko huko Balangdalalu na ana cherehani yake. Mwaka huu nilikwenda tena kwenye kikao cha kugawana wachezaji. Timu ya mwalimu ilikuwa imepanda mpaka ya tatu kutoka juu, kwa hiyo alipaswa kungoja karibu wote wachague. Alikaa kwenye dawati dogo la watoto, magoti juu, akiwaona wasichana aliowataka wakiondoka mmoja baada ya mwingine kwenda timu nyingine. Nilimuuliza kama anaumia.

"Naumia sana," alisema, na alikuwa anatabasamu hadi masikioni.